Kipaza Sauti ni cha Nani?

Mjadala huu nimeuketisha Kongolo, chini ya mwembe usio mbali na daraja ambalo treni na malori hupokezana kuvuka Lualaba. Wazungumzaji wanne nimewabuni. Mambo wanayoyataja sikuyabuni. Ningeweza kuuketisha Lubumbashi penye vyuo na wasomi, lakini Kongolo ina haki yake katika suala hili. Hapa maneno yamewahi kutangulia na silaha zikafuata.

Kisa chenyewe ni kidogo. Mwimbaji, kijana aliyelelewa na kwaya ya parokia kisha akahamia gitaa la umeme, ametunga wimbo juu ya ardhi ya mababu. Unawasifu waliofika kwanza na kumkumbusha mgeni kwamba ugeni una adabu yake. Haumtaji mtu wala kabila. Haukupita muda, vijana wa ng'ambo ya mto wakaupachika kiitikio chao wenyewe, na kiitikio hicho kinataja. Sasa unaimbwa matangani, unaimbwa uwanja wa mpira, unazunguka kwenye simu. Mwalimu wa historia ndiye aliyeomba wakae wazungumze. Mzee, mstaafu wa migodi ya Gécamines kule Kolwezi, yupo kwa sababu mwembe ni wake. Mama anauza mawese. Mwaka 2016 alikimbia kutoka Nyunzu na watoto na sufuria moja, na ndivyo alivyorudi kwao Kongolo.

MWIMBAJI: Mwalimu, mimi nimetunga beti tatu. Zisomwe mbele ya yeyote. Kile kiitikio sikukitunga, sikukirekodi, na hakikai hata kwenye sauti ya gitaa langu. Mtu akiiba kisu jikoni kwako akaenda kumchoma mwenzake, utafungwa wewe?

MWALIMU: Kuna mwenzako alijitetea kwa njia inayofanana na hiyo. Simon Bikindi wa Rwanda, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Irindiro. Alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, akapelekwa Arusha mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa. Waendesha mashtaka walileta nyimbo zake tatu. Ya zamani kabisa, Twasezereye, ni ya 1987, ya kuadhimisha uhuru. Mbili nyingine zilikuja baadaye, vita ikiwa imeshaanza, na mwaka 1994 redio RTLM ilizipiga huku watu wakichinjwa.

MWIMBAJI: Wakamfunga kwa nyimbo.

MWALIMU: Hapana, na hapo ndipo nataka masikio yako. Hukumu ilisomwa tarehe 2 Desemba 2008. Majaji walizichambua zile nyimbo wakisaidiwa na wataalamu, wakaona kwamba mbili kati yake zilitungwa kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila. Lakini zilitungwa kabla ya 1994, na mamlaka ya mahakama ile yalianza tarehe 1 Januari 1994. Tena haikuthibitishwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mkono katika kuzirusha hewani mwaka ule. Kwa nyimbo, akaachiwa. Kilichomfunga ni safari moja ya mwishoni mwa Juni 1994, barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, akiwa kwenye msafara wenye vipaza sauti. Wakati wa kwenda aliwahimiza Wahutu wawamalize Watutsi. Wakati wa kurudi akauliza kama wameua. Akapewa miaka 15, na rufaa ya 2010 haikumpunguzia. Alifia Benin mwaka 2018.

MWIMBAJI: Basi nimeshinda. Mimi sina gari lenye vipaza sauti.

Kijana ameisoma hukumu kama wakili, na wakili angempongeza. Kisheria amesema kweli: majaji wa Arusha walikuwa na kalenda, na wimbo wa mwaka mmoja kabla ulianguka nje ya kalenda hiyo. Lakini sijawahi kuona dhamiri yenye tarehe ya kuanzia. Kwangu mimi jambo la kutisha katika hukumu ile ni kwamba mtu anaweza kutambuliwa na majaji kuwa alitunga ili watu wachukiane, kisha akatoka mahakamani akiwa huru, asingekuwa amepanda lile gari.

MAMA: Mimi sijui Arusha. Nina swali la hapa. Wimbo wako unasema sisi tulifika kwanza. Ukialikwa Nyunzu, mbele ya Batwa, utauimba?

MWIMBAJI: Mama, kila wimbo una watu wake.

MAMA: Sikuuliza una watu gani. Babu yangu Mhemba, babu ya mume wangu Mluba, wote wawili walikuwa wakisema wakiwa wamekaa vizuri kwamba tulipofika tuliwakuta Batwa msituni. Sasa wewe umeandika kwamba sisi ndio wa kwanza. Anayekujua atasema kijana ametafuta mashairi. Asiyekujua atauliza: kama sisi ndio wa kwanza, wale ni nani?

MWIMBAJI: (baada ya kunyamaza) Nyunzu sitauimba. Lakini hata zaburi ya maombolezo siiimbi harusini.

MAMA: Zaburi haimfukuzi mtu harusini.

MWALIMU: Usimkimbize sana, Mama. Ana hoja ambayo hajaisema vizuri, acha niiseme mimi kwa niaba yake, halafu nitaipinga. Mwamerika mmoja, Scott Straus, aliwahoji wafungwa zaidi ya 200 waliokiri kuua mwaka 1994. Katika makala yake ya 2007 alisema redio imebebeshwa mzigo kuliko kazi iliyofanya. Wengi wa waliohojiwa hawakutaja redio kama kilichowatoa nyumbani. Walitolewa na watu: kiongozi wa mtaa, kundi la jirani lililokuja mlangoni na kusema twende. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na vijijini redio hazikuwa nyingi. Kwa hiyo mwimbaji anaweza kusema: waliosikia ni wengi na hawakuua, waliua wengi na hawakusikia.

MWIMBAJI: Asante. Ndiyo hasa. Na kuna la pili. Mkinibebesha kila kitakachofanywa na kila atakayesikia, nitaimba nini? Nitabaki na Yesu na bia. Novemba 2021 tume ya udhibiti kule Kinshasa iliupiga marufuku wimbo wa kundi la MPR, Nini to sali te, na mwingine wa Bob Elvis. Walikuwa wamewachochea akina nani waue? Walilalamikia hali ya nchi. Kelele zilipozidi, wa MPR ukafunguliwa haraka. Lakini mliona jinsi neno «uchochezi» linavyopatikana upesi mkubwa anapotaka kulala bila kusumbuliwa.

Hapa namuunga mkono kabisa. Anayehubiri wajibu wa msanii bila kukumbuka nani mara nyingi hushika fimbo ya wajibu huo, huyo anawapigia chapuo wadhibiti bila kulipwa. Nchi hii imekuwa na watawala waliotaka wanamuziki wawe na adabu, nao walikuwa walewale waliotaka wanamuziki wawasifu.

MZEE: Mmesema ya Rwanda, mmesema ya Kinshasa. Mimi nilikuwa Kolwezi. Gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, chama UFERI, na vijana wao JUFERI. Miaka ya 1992 na 1993. Alikuwa na ulimi mtamu yule mtu, siwezi kusema uongo. Jukwaani Wakasai wakawa bilulu. Wadudu, basi. Hakusema muwaue. Watu wakacheka. Nami nakumbuka tulivyocheka, kwa sababu lilichekesha: kwa miaka mingi msimamizi wako kazini ni Mkasai, mwalimu wa mtoto wako Mkasai, halafu gavana mzima anasimama na kusema kitu ambacho wewe ulikuwa ukikisema ukiwa na masanga kichwani tu. Kwanza Likasi, kisha kwetu. Mamia ya maelfu ya watu walitolewa Katanga. Walilala stesheni wakingoja treni, wiki kwa wiki, na wengine walizikwa kabla treni haijafika. Aliyenifundisha mashine alikuwa miongoni mwao, yeye na watoto.

MWALIMU: Na gavana?

MZEE: Alifariki Agosti 2021, akiwa mwanasiasa mkubwa. Hakuna mahakama iliyomhukumu kwa neno lile. Lakini sikulitaja ili nimhukumu. Nimelitaja kwa sababu ya kicheko. Neno lake lisingepata kicheko chetu lingekufa palepale jukwaani.

MAMA: Nyunzu hatukuwa hata na gavana wa kutufundisha. Utani juu ya Batwa niliukuta nilipoolewa. Mtwa hanywi kikombe kimoja nasi. Mtwa analima shamba la Mluba kutwa nzima, jioni anapewa lutuku na nguo kuukuu. Mtwa haoi binti yetu, sisi tunachukua wao. Kulikuwa na vinyimbo vya kuwacheka, watoto waliviimba wakitwanga. Nani alivitunga? Muulize nani alitunga kutwanga. Kisha Aprili 2015 wakaenda kambi ya Vumilia, wakawaua Batwa waliokuwa wamekimbilia pale, thelathini na zaidi. Halafu ikaja zamu ya mishale upande wa pili, vijiji vya Waluba vikachomwa. Mimi nilikimbia mishale. Lakini najua mishale ilitoka wapi.

Niseme neno hapa, kwa sababu Mama ameleta jambo linaloharibu hesabu ya wote. Tunapenda kumtafuta mtunzi kwa kuwa mtunzi ana jina na jina linaweza kuandikwa kwenye hati ya mashtaka. Lakini wazo baya zaidi katika mkoa wa Tanganyika, kwamba kuna watu nusu, halina mtunzi. Limetungwa na kila aliyelirudia. Kongolo yenyewe inalijua hilo. Tarehe 31 Desemba 1961 wanajeshi wa serikali ya kitaifa waliuteka mji huu kutoka kwa wapiganaji wa Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga, na kesho yake, siku ya Mwaka Mpya, wakawaua wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, takriban 20, na miili ikatupwa Lualaba. Mzee alikuwa mtoto wa shule ya misheni.

MZEE: Hakuna aliyewaimbia wale askari wimbo. Ila miezi yote ile kaskazini ya Katanga watu walikuwa wamechomewa vijiji na jandarme wa Tshombe na mamluki Wazungu. Ikasemwa, mapadri ni walewale. Ikasemwa. Hiyo «ikasemwa» mtaifunga gereza gani? Miongoni mwa wale mapadri kulikuwa na waliokuwa wakitutibu vidonda.

MWALIMU: Papa, ndiyo maana narudi kwa wenye majina. Siwezi kuishitaki «ikasemwa». Naweza kumuuliza mwenye jina alifanya nini alipoisikia. Turudi Arusha kwa mara ya mwisho. Ferdinand Nahimana alikuwa profesa wa historia, mwenzangu wa kazi, na ndilo linaloniumiza. Ni mmoja wa walioanzisha RTLM. Mwaka 2003 alipewa kifungo cha maisha. Mwaka 2007 majaji wa rufaa waliondoa sehemu kubwa ya makosa, wakabakiza jambo moja hasa: kwamba matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994 yalirushwa na watu waliokuwa chini ya mamlaka yake, alijua, na hakuyazuia. Miaka 30. Walijuaje kwamba alikuwa na uwezo wa kuyazuia? Kwa sababu wakati fulani redio ile ilikuwa ikimshambulia Jenerali Dallaire na askari wa Umoja wa Mataifa. Nahimana akaombwa aingilie kati, akaingilia, na mashambulizi yale yakakoma.

MAMA: Yakakoma?

MWALIMU: Yakakoma. Kwa jenerali mgeni, aliweza. Kwa majirani zake, hakujaribu. Kijana, mimi sikuulizi kuhusu beti zako tatu. Nakuuliza kuhusu siku uliyosikia kile kiitikio kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wapi?

MWIMBAJI: Harusini. Nilikuwa jukwaani.

MWALIMU: Na gitaa?

MWIMBAJI: Niliendelea kupiga. Watu walikuwa wanatunza, Mwalimu! Noti zilikuwa zinabandikwa kwenye paji la uso wangu. Wewe ungeacha?

Sidhani ningeacha. Lakini naona Mwalimu ameupata mfupa wa jambo. Siku ya kutunga, mtunzi hajui. Hata mwenye nia safi hawezi kuona kila mlango ambao wazo lake litaingia, na kumdai aone ni kumdai awe nabii. Siku ya pili ni tofauti. Siku hiyo kazi yake inamrudia ikiwa imevaa nguo nyingine, naye bado ana jukwaa, bado ana jina, na watu bado wanamsikiliza. Deni linaanza hapo, na ukubwa wake ni kadiri ya uwezo alio nao wa kusikika. Mzee hakukubaliana na hili moja kwa moja, na sababu yake ni nzito.

MZEE: Mwalimu, sheria yako inamfunga Nahimana, sawa. Itamfunga pia mtu mwema. Mimi na marehemu mke wangu tulikuwa Jamaa. Mnamjua Padri Placide Tempels? Yule Mfransisko aliyeanzisha Jamaa kule Ruwe, Kolwezi, mwaka 1953, kati ya wachimbaji wa Union Minière. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili chetu: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke walifundishwa pamoja; hakuna mume aliyeingia akamwacha mkewe jikoni. Kwa mara ya kwanza Mzungu alikaa kwetu akatuuliza sisi tunawaza nini. Kisha mwaka 1962 akarudi Ubelgiji, wakubwa wa Kanisa wakamhoji, hakuja tena. Akabaki kimya huko mpaka alipokufa mwaka 1977. Na huku, akiwa hayupo, likazuka tawi wakaliita Katete. Watu wakasema humo mapendo yamegeuzwa, ndoa zinachanganywa. Miaka ya 1970 maaskofu wakatufungia mlango sote, waliopotoka na tusiopotoka. Utamwambia Tempels ana deni la Katete?

MWALIMU: Nitamwambia alipaswa kusema. Barua moja tu, Papa. «Hivi sivyo nilivyofundisha.»

MZEE: Alikuwa ameapa utii!

MWALIMU: Najua. Nahimana alikuwa na uwezo akanyamaza kwa hiari. Tempels alinyamazishwa. Siwaweki benchi moja. Lakini nina neno juu ya kitabu chake. Mwaka 1945 kilitoka Elisabethville, kwa Kifaransa, kuhusu falsafa ya Wabantu, na mwishoni kabisa kinazungumza na wakoloni wenye nia njema. Wakoloni wenye nia njema! Kitabu hakimuulizi mnunuzi nia yake. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire aliliona hilo akakasirika: kumbe Mwafrika hahitaji mshahara wala nyumba, anahitaji tu nguvu yake ya uhai iheshimiwe. Kwa bwana mkubwa wa kampuni hiyo ni bei nafuu sana.

MZEE: Huyo Césaire hakukaa Ruwe. Mimi nilipewa heshima ile kabla ya mshahara, na mshahara niliudai kwa sababu ya heshima ile.

Hapo Mzee amemshinda Mwalimu, kwa maoni yangu, na amemshinda kwa jambo ambalo vitabu vya kumjadili Tempels hulikosa mara nyingi: wazo lililoandikwa kumsaidia mtawala lilifika kwa mtawaliwa likamnyoosha mgongo. Athari haiendi upande mmoja. Anayewahesabia watunzi mabaya yaliyozaliwa na maneno yao bila wao kuyakusudia, basi awahesabie na mema wasiyoyakusudia, aone kama kitabu chake cha hesabu kitafungika.

MAMA: Mmefika mbali. Mimi nina madumu ya mawese yananingoja. Jumapili kuna mpira, na huyu ameombwa apige. Nataka kujua la Jumapili.

MWIMBAJI: Kuufuta kwenye simu siwezi. Nikiuacha, wataupiga wao kwa spika zao, na watasema nimenunuliwa.

MZEE: Ongeza ubeti.

MWIMBAJI: Wa Batwa? Papa, utakuwa tangazo la shirika la misaada. Watu watakwenda kununua maji.

MAMA: Sijasema uwasifu. Ondoa tu uongo kwamba tulifika kwanza.

MWIMBAJI: (anacheka kidogo) Huo ndio mstari wanaoupenda.

MWALIMU: Kwa hiyo?

MWIMBAJI: Nitaugeuza. Nitasema tulipokelewa; sijui kama utaingia kwenye mdundo, nitauona leo usiku. Na wakianza kile kiitikio, nitanyamazisha gitaa na kuliambia kundi lisimame.

MAMA: Wakiendelea bila gitaa? Kile hakihitaji gitaa. Kinapigwa kwa makofi.

MWIMBAJI: Wakiendelea, nitakuwa nimesimama pale na mikono mitupu, kila mtu akiniona. Mimi hilo nalikubali. Lakini wewe, Mwalimu, utakuwa umekaa viti vya mbele na diwani na mkuu wa shule, na nusu ya wanaopiga makofi ni wanafunzi wako. Nitakuwa nakuangalia wewe.